Kusoma Gegedu kwa Mwanga: Mwongozo wa Kupima Uharibifu wa Kiungo Chenye Osteoathritisi

Mgonjwa anapoambiwa goti lake "limesagika", mara nyingi aliyemwambia ametazama picha ya eksirei. Lakini eksirei haionyeshi gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Inaonyesha mifupa, na daktari anakisia hali ya gegedu kwa kuangalia nafasi iliyobaki kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ngazi za Kellgren na Lawrence, zilizochapishwa mwaka 1957 na zinazotumika hadi leo, zinatoa alama 0 hadi 4 kwa kutazama nafasi hiyo pamoja na vijifupa vinavyoota pembezoni mwa kiungo. Nafasi ikishaonekana imepungua, gegedu limekuwa likiharibika kwa muda mrefu bila mtu kujua. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hiyo mwanzoni haliumi, na likiharibika halijitibu vizuri.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na osteoathritisi, yaani ugonjwa huu wa kusagika kwa viungo, na goti ndilo lililoongoza, kwa watu milioni 365. Kwa ugonjwa mkubwa kiasi hiki, kusubiri mifupa ikaribiane ndipo tuseme kuna tatizo ni kuchelewa mno. Mwanga unaweza kuonyesha mabadiliko ndani ya gegedu wakati uso wake bado unaonekana mzima. Ila mwanga hautoi jibu lenyewe. Unatoa mstari kwenye skrini, na mstari huo una maana tu kama sampuli ilitunzwa vizuri na kama umeulinganisha na kipimo kingine unachokiamini. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu mambo hayo mawili, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Nimemlenga mwanafunzi wa fizikia ya tiba, wa uhandisi wa vifaa tiba au wa maabara ya patholojia anayetaka kujifunza kwa goti la ng'ombe kabla ya kugusa tishu ya binadamu.

Jua kwanza unachokitafuta

Kwenye goti la mtu mzima gegedu lina unene wa takriban milimita 1 hadi 4, kutegemea mahali. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Kinachobaki ni hasa nyuzi za kolajeni ya aina ya II na proteoglikani (protini zilizobeba minyororo ya sukari), pamoja na seli chache zilizotawanyika. Proteoglikani zina chaji hasi nyingi, hivyo huvuta maji na kutaka kuvimba. Wavu wa kolajeni unazibana zisivimbe. Mvutano huo kati ya viwili ndio unaolifanya gegedu libebe uzito wa mwili bila kupondeka.

Nyuzi za kolajeni hazikupangwa ovyo. Juu kabisa zimelala sambamba na uso wa kiungo, katikati zinapinda na kuchanganyika, na chini zimesimama wima kuelekea kwenye mfupa. Mwanaanatomia Benninghoff alieleza mpangilio huu mwaka 1925, na utauona mwenyewe kwenye hadubini ukifika huko.

Ugonjwa unapoanza, proteoglikani hupungua kuanzia juu, wavu wa kolajeni hulegea, na maji huongezeka. Baadaye uso huchanika nyuzinyuzi, nyufa hushuka chini, na mwisho mfupa hubaki uchi. Kwa hiyo una maswali matatu: proteoglikani zimebaki kiasi gani, kolajeni bado imepangika, na uso ni mzima au umechanika? Hakuna mwanga mmoja unaojibu yote matatu vizuri.

Chagua mwanga kulingana na swali

Infraredi ya karibu, yaani mawimbi ya takriban nanomita 750 hadi 2500, hupita kwenye tishu na kufyonzwa kidogo kidogo na vifungo vya kemikali vya maji, kolajeni na proteoglikani. Inapenya ndani, haihitaji rangi wala kukata, na hupitishwa kwenye faiba nyembamba inayoweza kuingizwa ndani ya goti. Ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana kwa urahisi kuliko vingine na maabara nyingi za kilimo na za dawa tayari zina spektromita ya aina hii.

Tomografia ya mwanga, inayojulikana kwa kifupi OCT, ilitokea Marekani mwaka 1991 na imezoeleka zaidi kwenye kliniki za macho. Inatoa picha ya mkato wa tishu, kama altrasaundi inavyofanya kwa sauti, ila kwa ukali wa takriban mikromita 10. Kwenye gegedu huona kina cha milimita 1 hadi 2. Ni nzuri kwa swali la uso na nyufa.

Mbinu ya Raman hutumia leza na kusoma mwanga unaorudi ukiwa umebadilika rangi kidogo. Inatambua kemikali kwa umakini: kilele cha karibu 1063 kwa sentimita ni cha salfeti za proteoglikani, cha 960 ni cha fosfeti ya mfupa, cha 1004 ni cha protini. Tatizo lake ni kuwa ishara ni dhaifu na tishu yenyewe hung'aa na kuifunika, ndiyo maana wengi huchagua leza ya nanomita 785 badala ya ya kijani. Kama ndiyo unaanza, iache kwa sasa.

Halafu kuna hadubini ya kawaida, yenye rangi ya safranini O na vichujio vya polaraizi. Watu huisahau wanapozungumzia teknolojia ya mwanga, lakini hiyo ndiyo hakimu wa nyingine zote.

Hatua ya 1: Pata goti lenyewe

Nenda machinjioni asubuhi na mapema na uzungumze na mchinjaji kabla miguu haijatenganishwa. Ukisema tu "nataka goti" utapewa kiungo cha mguu wa mbele, kile kinachouzwa na makongoro, na hicho si goti. Kwa anatomia ni kifundo cha mkono. Unachotaka kiko mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo, pale paja linapokutana na muundi. Papasa kwa kidole gumba utaikuta pia ya goti ikisogea chini ya ngozi. Mwambie akate mfupa wa paja na wa muundi mbali na kiungo, akuachie kiungo kizima na mfuko wake haujafunguliwa. Mfuko ukiwa mzima, ute wa kiungo unaendelea kulilinda gegedu hadi ufike maabara.

Chukua nyama iliyokaguliwa na daktari wa mifugo tu, na uvae glavu hata hivyo. Bruselosi haionekani kwa macho. Uliza umri wa ng'ombe. Ndama ana gegedu nene ambalo bado linakua, na vipimo vyake vitakupotosha. Ng'ombe mzima anafaa zaidi, tena pia ya goti lake mara nyingi ina madhara ya asili yaliyokwisha kuanza, jambo ambalo kwako ni faida.

Safirisha kwenye barafu bila kugandisha. Lenga kulifungua ndani ya saa 24.

Hatua ya 2: Fungua, tazama, piga picha

Kata mfuko wa kiungo taratibu kuzunguka pia ya goti, kisu kikielekea nje na si kuelekea gegedu. Mkwaruzo wa kisu utakuja kuonekana kwenye hadubini kama ufa, na hakuna namna ya kuutofautisha kwa uhakika. Mara tu kiungo kikifunguka, mwagia bafa ya fosfeti yenye pH 7.4, ile inayoandikwa PBS kwenye chupa, na usiache kuilowesha kuanzia hapo hadi mwisho.

Piga picha ya kila uso ukiwa na rula pembeni. Kisha toa alama kwa macho kabla hujawasha kifaa chochote, ukitumia ngazi moja na kuishikilia hiyo hiyo. Ngazi ya Outerbridge ya mwaka 1961 ni rahisi: 0 ni gegedu zima, 1 limelainika na kuvimba, 2 na 3 lina nyufa na mchaniko wa ukubwa unaoongezeka, 4 mfupa uko wazi. Ngazi ya ICRS, chama cha kimataifa cha urekebishaji wa gegedu, inatazama zaidi kina cha jeraha, na wengi sasa huipendelea. Mwombe mwenzako atoe alama zake bila kuona zako. Mtatofautiana, hasa kwenye alama 1 na 2, na tofauti hiyo iandike. Ndiyo hasa inayofanya kipimo cha mwanga kihitajike.

Jambo moja la kuzingatia sana: mwongozo mwingi wa patholojia unashauri upake wino mweusi wa kuchorea ili nyufa zijitokeze. Usipake sasa. Wino huo ni kaboni, unafyonza mwanga wote, na mabaki yake kwenye nyufa yatakuharibia spektra kwenye sehemu zile zile unazotaka kuzisoma. Wino utakuja baada ya vipimo vyote vya mwanga.

Hatua ya 3: Kata vipande na tengeneza jozi

Kwa kikatio cha duara chenye kipenyo cha milimita 6 hadi 8, toa vipande vyenye gegedu juu na mfupa kidogo chini. Mfupa ni muhimu. Gegedu lililobanduliwa peke yake hujikunja na kuvimba vibaya. Chora ramani ya kila kipande kilikotoka, na tia alama ndogo ya mkato kwenye ukingo wa mfupa, upande wa namba 12 kwenye uso wa saa, ili ujue uelekeo wake hata baada ya wiki tatu.

Ng'ombe mmoja hawezi kukupa ngazi zote za uharibifu, kwa hiyo utatengeneza nyingine. Chukua vipande viwili vilivyopakana, vyenye alama sawa. Kimoja kiweke kwenye PBS tupu, kingine kwenye PBS yenye tripsini, vyote viwili kwenye joto la nyuzi 37 kwa muda ule ule. Tripsini ni kimeng'enya kinachokata proteoglikani na kuacha wavu wa kolajeni karibu mzima, kwa hiyo inaiga hatua ya mwanzo ya ugonjwa. Ukibadilisha muda kutoka dakika 30 hadi saa kadhaa utapata ngazi tofauti. Kama unataka kuvunja wavu, tumia kolajenesi kwenye jozi nyingine.

Wengi hutunza vipande kwenye bafa yenye EDTA na benzamidini ili kuzuia vimeng'enya vya tishu yenyewe visile sampuli. Ni utaratibu mzuri, ila benzamidini huizuia tripsini. Suuza kipande mara kadhaa kwa PBS tupu kabla ya kukitia tripsini, la sivyo utasubiri saa nne na hakuna kitakachotokea. Ukimaliza, fanya kinyume: suuza, kisha kirudishe kwenye bafa yenye vizuizi ili kazi ya tripsini isimame.

Tripsini huingia pia ubavuni, mahali ulipokata. Kwa hiyo pima katikati ya kipande, na siku ya kukata kwa hadubini chukua mkato unaopita katikati hapo hapo.

Hatua ya 4: Pima kwa infraredi ya karibu

Washa taa ya halojeni na uiache dakika 30. Taa ambayo haijatulia hubadilisha umbo la mwanga wake taratibu, na mabadiliko hayo utayachukulia kuwa ya gegedu.

Weka vipande vifikie joto la chumba. Vilele vya maji husogea joto linapobadilika, na kipande kilichotoka kwenye friji sasa hivi hakilinganishwi na kilichokaa mezani.

Chukua vipimo viwili vya msingi: giza, taa ikiwa imezibwa, na nyeupe, ncha ya faiba ikiwa juu ya kigae cheupe kinachoakisi karibu mwanga wote. Kama utapima gegedu ndani ya maji ya chumvi, na kigae kipime ndani ya maji ya chumvi, kwa umbali ule ule. Ufyonzaji utaupata kwa kutoa giza kwenye sampuli, kutoa giza kwenye nyeupe, kugawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha kuchukua logi ya msingi 10 na kugeuza alama. Rudia giza na nyeupe kila baada ya vipande vichache.

Sasa ncha ya faiba. Isimamishe wima juu ya uso, iguse lakini isibonyeze. Hapa pana ugumu wa mkono unaohitaji mazoezi. Ukibonyeza, maji yanakimbia kutoka chini ya ncha na spektra inabadilika mbele ya macho yako. Ukiinamisha, mwanga unaoakisiwa juu ya uso bila kuingia ndani unaongezeka na mstari wote unapanda au kushuka. Kishikio chenye springi nyepesi kinasaidia sana kuliko kushika kwa mkono. Chukua spektra tatu kila sehemu, ukiinua ncha na kuirudisha kila mara. Ukiacha ncha ilipo na kubofya mara tatu, utakuwa umepima utulivu wa kifaa tu.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza unyevu, fanya jaribio hili mara moja. Weka kipande mezani bila maji, pima kila dakika, tazama eneo la nanomita 1450 na la 1940. Hivyo ni vilele vya maji, na ndivyo vikubwa kuliko vyote. Kwenye gegedu bichi vimesimama kama milima miwili. Dakika zinavyokwenda vinapungua, na kandokando yake vilima vidogo vya kolajeni na proteoglikani, kama kile cha kati ya nanomita 1650 na 1800, vinaanza kujitokeza. Gegedu halijaumwa, limekauka tu. Mtu asiyejua hili anaweza kuandika ripoti nzima kuhusu ugonjwa wakati alichopima ni upepo wa feni.

Kumbuka pia kuwa kila sehemu ya spektra inasoma kina tofauti. Mawimbi mafupi, nanomita 750 hadi 1100 hivi, hupenya gegedu lote na kuufikia mfupa. Mawimbi marefu, karibu na 1940, hufyonzwa juu juu. Kwenye gegedu jembamba, mawimbi mafupi yanakuambia mengi kuhusu mfupa. Hilo linaweza kuwa kosa au faida, ilimradi unalijua: kuna watafiti wanaotumia hali hiyo hiyo kukadiria unene wa gegedu. Kama spektromita yako ina kigunduzi cha silikoni peke yake, utaishia karibu nanomita 1000 na hutaona vilele vikubwa vya maji. Bado unaweza kufanya kazi, ila usitarajie maelezo mengi ya uso.

Hatua ya 5: OCT, kama unayo

Tumia mfumo wa nanomita 1300 hivi. Ile ya kliniki ya macho, ambayo nyingi ziko karibu na 840, haipenyi sana kwenye gegedu kama hiyo. Weka kipande chini ya maji machache ili uso usimetemete, piga mkato unaopita katikati, kisha tafuta mambo mawili: mstari wa uso ni laini au una meno, na nyufa zinashuka hadi wapi. Ukitaka kupima unene, gawanya umbali unaoonyeshwa na kifaa kwa kipeo cha kupinda mwanga cha gegedu, takriban 1.4, isipokuwa kama programu yenyewe imeshafanya hivyo. Gegedu nene halitaonyesha mpaka wake na mfupa, na hapo usikisie.

Hatua ya 6: Hakimu, yaani hadubini

Sasa paka wino, suuza, piga picha ya mwisho, kisha tia kipande kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa pH kwa siku mbili, ukiwa kwenye chumba chenye hewa ya kutosha. Baada ya hapo mfupa lazima ulainishwe. Tumia EDTA ya asilimia 10, ukiibadilisha mara kwa mara, na ukubali kusubiri wiki kadhaa. Asidi kali itamaliza kwa siku chache, lakini huondoa proteoglikani, na proteoglikani ndizo ulizokuja kuzipima. Hapa subira haina mbadala.

Mikato ya parafini iwe ya unene uleule yote. Kama utapima ukali wa rangi kwa kamera, mikromita 3 ni chaguo zuri, na usipake rangi ya kijani ya ziada juu ya safranini O. Safranini hushikamana na chaji hasi za proteoglikani kwa uwiano, ndiyo maana wekundu wake unaweza kuhesabiwa. Paka mikato yote siku moja, kwenye bakuli moja la rangi. Utaona gegedu zima likiwa jekundu karibu kote, isipokuwa utepe mwembamba juu ambao kwa kawaida una proteoglikani chache. Kwenye kipande kilichokaa kwenye tripsini wekundu umeyeyuka kuanzia juu, na mpaka wake ni kama umechorwa.

Kwa kolajeni, weka mkato mwingine ambao haujapakwa kati ya vichujio viwili vya polaraizi vilivyopishana, na uuzungushe hadi uso wa gegedu uwe kwenye pembe ya nyuzi 45. Utepe wa juu utang'aa, wa katikati utakuwa giza, wa chini utang'aa tena. Ni Benninghoff yule yule. Ugonjwa ukishaanza, utepe wa juu hukatikakatika au hupotea.

Malizia kwa kutoa alama kwa mfumo wa OARSI (chama cha kimataifa cha utafiti wa osteoathritisi) wa mwaka 2006, wenye daraja 0 hadi 6 za kina cha uharibifu na hatua 0 hadi 4 za upana wake. Kuzidisha viwili hivyo kunakupa alama hadi 24. Kwenye kipande kidogo cha milimita 8 tumia daraja peke yake, kwa kuwa upana unahusu kiungo kizima.

Hatua ya 7: Unganisha mwanga na hakimu

Una spektra zenye mamia ya nukta kila moja na, kwa kila kipande, namba kadhaa: ukali wa safranini, daraja la OARSI, unene. Safisha spektra kwanza. Kichujio cha Savitzky-Golay kinalainisha na kutoa mnyambuliko kwa pamoja, na usawazishaji wa kila spektra kwa wastani na mchepuko wake hupunguza athari ya pembe na mguso wa ncha. Kisha tumia regresheni ya PLS, inayokusanya nukta nyingi zinazofuatana kuwa vijenzi vichache vya kukadiria namba unayoitaka. Python na R zote zinayo bila malipo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu limeharibu kazi nyingi nzuri. Tuseme una ng'ombe 10 na vipande 12 kwa kila mmoja. Huna sampuli 120 huru. Una ng'ombe 10. Vipande vya ng'ombe mmoja vinafanana kwa umri, kwa malisho, kwa siku ya kuchinjwa na hata kwa hali ya taa yako siku hiyo. Ukivichanganya na kuvigawa ovyo, vingine vya kufundishia na vingine vya kujaribia, programu itajifunza kumtambua ng'ombe, nawe utadhani imejifunza kutambua ugonjwa. Majibu yatapendeza sana. Ukileta ng'ombe wa kumi na moja, yataanguka.

Kwa hiyo gawa kwa ng'ombe. Vipande vyote vya mnyama mmoja vikae upande mmoja. Idadi ya vijenzi vya PLS iamuliwe ndani ya kundi la kufundishia peke yake, kwa kumwacha nje ng'ombe mmoja kila zamu. Na jozi za tripsini nazo zikae pamoja. Matokeo yatashuka, na hayo yaliyoshuka ndiyo ya kweli. Unapoandika, toa kosa la makadirio kwa kipimo halisi cha kitu ulichopima, usitoe korelasheni peke yake, kwa sababu korelasheni kubwa inaweza kutokana na kuwa na vipande vizima kabisa na vilivyoharibika kabisa bila vya katikati. Vya katikati ndivyo vigumu, na ndivyo mgonjwa wa mapema alivyo.

Hatua ya 8: Kuelekea kwa binadamu

Tishu ya binadamu inayopatikana kwa njia halali zaidi ni ile inayoondolewa wakati wa kubadilisha goti. Daktari wa upasuaji hukata vipande vya mfupa na gegedu ambavyo vingetupwa. Unahitaji ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili kabla ya kugusa hata kimoja. Kwa Tanzania, kibali cha taifa cha utafiti wa afya kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kwa Kenya, pamoja na kamati ya taasisi yako, kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Omba mapema.

Kuingiza faiba ndani ya goti la mtu aliye hai kumeshafanyika. Gunter Spahn na wenzake Ujerumani walitumia infraredi ya karibu wakati wa athroskopi (kutazama ndani ya kiungo kwa kamera nyembamba), na kundi la Chuo Kikuu cha Finland Mashariki mjini Kuopio, wakiwemo Isaac Afara na Juha Töyräs, wameijaribu kwa farasi na kwenye magoti ya binadamu. Hata katheta za OCT zilizotengenezwa kwa mishipa ya moyo zimewahi kuingizwa kwenye viungo. Ugumu mpya unaoukuta humo ni mwingi. Goti limejazwa maji ya chumvi yanayotembea. Damu ikivuja hufyonza mwanga unaoonekana, ingawa infraredi haiathiriki sana kama huo. Huwezi kuweka kishikio chenye springi, na kuna kona ambazo ncha iliyonyooka haifiki wima. Timu zilizofanikiwa huchukua spektra nyingi kwa haraka na kuiachia programu itupe zile ambazo ncha haikugusa vizuri. Faiba lazima iwe ya aina inayosafishwa kwa njia ambayo mtengenezaji ameruhusu, kwa kuwa si kila faiba inavumilia mvuke wa otoklevu.

Modeli uliyoifundisha kwa ng'ombe haitumiki kwa mtu. Unene ni tofauti, muundo ni tofauti, umri ni tofauti. Kinachohama ni mikono yako na utaratibu wako. Modeli ya binadamu inafundishwa kwa tishu ya binadamu, ikiwa na hakimu yule yule wa safranini na polaraizi.

Na unapompa daktari wa upasuaji matokeo, usimpe spektra. Mpe ramani ya uso wa kiungo yenye namba kwa kila sehemu uliyogusa, kosa la makadirio pembeni ya namba, na alama tofauti kwa sehemu ambazo gegedu lilikuwa jembamba kiasi kwamba mwanga ulisoma mfupa. Sehemu ambazo ncha haikufika ziachwe tupu.